Paka wako wa kwanza Nyanda za Juu Kusini: mtoto, mkubwa aliyelelewa, au yule wa mtaani?

Mahindi yakishaingia ndani, panya nao huingia. Kuanzia Juni, wakati watu wa Mbeya, Njombe na Mafinga wanalala na sweta, ninaulizwa swali lilelile: nitafute paka wa namna gani? Anayeuliza huwa tayari ana paka fulani kichwani. Jirani yake ana watoto wanne wa paka kwenye boksi la sabuni. Au mfanyakazi mwenzake amepata uhamisho wa kwenda Dodoma na hana wa kumwachia paka wake. Au kuna dume la kijivu linalokaa juu ya ukuta kila jioni, usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, ukianza kukaangwa.

Nimewafuga wote watatu kwa zamu, hapa Uyole, Mbeya. Wa kwanza nilimuua kwa kutojua. Wa pili alinikimbia. Wa tatu amelala miguuni pangu ninapoandika haya, na si kwamba yeye ndiye bora. Ni kwamba alinikuta nimeshafundishwa na wenzake.

Vitu vya kupima kabla ya kuangalia sura

Mimi hupima mambo sita: saa ulizo nazo nyumbani, chakula, afya, panya, baridi, na watu mnaoishi nao uani pamoja na kuku wao. Rangi haimo. Itakusaidia kukisia jinsia tu: paka wa rangi tatu, mweusi, mwekundu na mweupe, karibu kila mara ni jike, na mwekundu mtupu mara nyingi ni dume. Basi.

Tukisema mtoto hapa, ni paka wa miezi miwili hadi minne. Mkubwa aliyelelewa ni yule wa mwaka mmoja na kuendelea ambaye ameishi ndani na watu. Wa mtaani ni yule asiye na mwenyewe anayekuja mlangoni kwako. Huyu naye ana aina mbili, na tofauti yao tutaiona.

Saa zako

Mtoto wa paka anakula mara tatu hadi nne kwa siku, anacheza usiku, anapanda pazia, anajisaidia chini ya kitanda kama hujamwonyesha beseni lake. Nyumba inayofungwa saa moja asubuhi na kufunguliwa saa kumi na mbili jioni haimfai, isipokuwa yupo bibi, mtoto wa shule anayerudi mchana, au dada wa kazi anayempenda.

Umri wa kumchukua ndipo wengi tunapokosea. Anatakiwa kukaa na mama yake na ndugu zake si chini ya wiki 8. Wiki 12 ni bora zaidi. Wangu nilimchukua akiwa na wiki 5 kwa sababu niliambiwa "ameshaanza kula". Kweli alikuwa anakula, lakini hakuwa amefundishwa kuuma kwa kiasi, kazi ambayo ndugu zake hufanya kwa kulia na kumzira akizidisha. Mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo kama nimetoka kuvuna miba. Ukitaka kukisia umri, angalia macho. Watoto wote huzaliwa na macho yatakayokuwa ya bluu, na rangi huanza kubadilika karibu na wiki ya 6 au ya 7. Akiwa na macho ya bluu bado, mrudishie mama yake. Jingine ni mahali alipozaliwa. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo paka anapojifunza kwamba binadamu si adui. Aliyezaliwa jikoni akashikwashikwa na watoto atakujia mwenyewe. Aliyezaliwa nyuma ya ghala bila kuguswa na mtu anaweza kuwa mzuri sana kwa sura na asikubali kubebwa maisha yake yote. Muulize anayekupa alizaliwa wapi. Usikubali kuletewa mbuzi kwenye gunia, na hapa paka huletwa kwenye kiroba kweli.

Mkubwa aliyelelewa hahitaji saa nyingi. Milo miwili, beseni safi, mahali pa kulala, na jioni ukae naye kidogo. Ila wiki mbili hadi tatu za mwanzo zina gharama yake: hatoki nje. Wangu wa pili nilimpokea kutoka kwa mwenzangu aliyehama, nikamwachia mlango siku ya tatu kwa kuwa alionekana ametulia. Jioni hakuwepo. Baada ya siku nne alipatikana kwenye nyumba yake ya zamani, amekaa mlangoni anamsubiri mtu ambaye tayari alikuwa ameshafika Dodoma. Paka mkubwa ana ramani kichwani, na inachukua muda kuchora nyingine. Mwanzishe kwenye chumba kimoja, na umwombe mwenyewe akuachie kitambaa au sweta aliyokuwa akiilalia. Harufu hiyo itafanya kazi kuliko maneno yako matamu.

Kwa wa mtaani haulipi kwa saa, unalipa kwa subira. Chakula mahali palepale, saa ileile, wewe ukiwa umekaa pembeni bila kumkodolea macho. Yule anayekuja mkia umesimama wima, anayekutazama na kulia, aliwahi kuwa wa mtu. Wiki chache zinatosha. Yule anayetambaa chini, asiyetoa sauti, anayekula usiku tu na kutoweka ukifungua mlango, huyo ni paka shume. Unaweza kumlisha na hata kupanga ahasiwe. Kumfanya alale kitandani ni ndoto.

Chakula

Hapa hawatofautiani sana, kwa hiyo niseme moja kwa wote: paka ni mla nyama. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, na taurini ipo kwenye nyama na samaki, haipo kwenye ugali. Akikosa kwa muda mrefu, moyo na macho huharibika. Ugali kidogo wa kuongezea mchuzi wa usipa hauna neno. Ugali na maziwa kila siku ni njaa yenye tumbo lililojaa. Na hayo maziwa, najua Rungwe na Njombe maziwa ni mengi, lakini paka wengi wakishaachishwa kunyonya hawawezi tena kusaga sukari iliyomo, wanaharisha. Maji safi yanatosha.

Kinachopatikana kirahisi kwetu ni usipa wa Ziwa Nyasa, dagaa, mapafu na moyo kutoka bucha, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliooshwa. Pika bila kitunguu wala kitunguu saumu, vyote viwili huharibu damu ya paka. Dagaa wakavu waloweke kwanza, umwage chumvi na mchanga. Maini mpe mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe shimoni, maana huvunjika vipande vyenye ncha.

Tofauti ni hizi. Mtoto anataka kidogo kidogo mara nyingi, na kilichosagwa. Mkubwa ana mazoea: kama alikuwa akila chakula cha pakiti, usimwachishe kwa siku moja, changanya kwa wiki nzima. Paka mkubwa akisusa kabisa siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake huanza kuumia, kwa hiyo usimwambie "utakula ukiwa na njaa". Wa mtaani atakula chochote kwa kasi ya ajabu na pengine kutapika. Mgawie mara tatu mpaka aamini kwamba kesho kipo.

Afya

Sehemu hii ndiyo ndefu, kwa sababu ndipo paka wa kwanza wengi wanapofia.

Tuanze na kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, paka anakipata na anaweza kumwambukiza mtu. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi huwa na kampeni. Mbwa wanakuja na kamba. Wewe mlete paka kwenye tenga la kuku, funga vizuri juu, tandika taulo ndani. Hakuna kitu bora zaidi cha kumbebea, hata kwenye daladala. Mtoto wa paka unaanza naye chanjo mwanzo kabisa, hesabu ni rahisi. Mkubwa, omba kadi. Kama hakuna kadi, hesabu kwamba hajachanjwa. Wa mtaani asishikwe kwa mikono mitupu, na watoto wa nyumbani waambiwe hivyo kabla hawajaanza kumzoea. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama paka atakufa.

Minyoo: mtoto hupewa dawa mara kwa mara, kila mwezi mpaka afike miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Mkubwa na wa mtaani huanza mara moja kisha hufuata ratiba ya miezi mitatu. Dozi inaenda kwa uzito, hivyo mpime. Panda kwenye mzani naye mikononi, kisha peke yako, utoe.

Kuhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, hubeba kwa takriban siku 63 hadi 65, na kuzaa watoto watatu hadi watano si ajabu. Fanya hesabu ya mwaka mmoja na utaona viroba vinavyotupwa kando ya barabara kuu vinatoka wapi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini kabla ya sheria kuna mwenye paka aliyesema "nitahasi mwezi ujao". Kwa mtoto una nafasi ya kuwahi kabla hajaanza kutafuta dume. Kwa mkubwa huenda kazi imeshafanyika, na hiyo peke yake ni faida kubwa. Kwa wa mtaani mshirikishe daktari wa mifugo mapema kuhusu namna ya kumkamata. Kabla ya kukubaliana bei muulize daktari swali moja: unatumia dawa ya usingizi? Wapo waliozoea nguruwe na ng'ombe tu. Paka hahasiwi akiwa macho.

Sasa viroboto, na hadithi niliyokuwa naizunguka. Yule wangu mdogo alijaa viroboto. Jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa, kwa wema kabisa, akanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye ndoo. Nilimwogesha saa nne asubuhi. Saa nane alikuwa anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, macho yamepanuka. Hakuiona jioni. Nilikuja kujua baadaye kwamba dawa nyingi za kuua kupe na viroboto zina permethrin au ndugu zake, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa au ng'ombe. Baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi zina kiambato hichohicho, kwa hiyo paka asilale juu ya magunia yaliyotoka kutiwa dawa. Panadol nayo, hata kipande cha kidonge, inaua paka. Kwa mtoto mdogo tumia chanuo la chawa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, umkaushe palepale, ufue matandiko kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Mkubwa anaweza kupakwa dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya paka. Wa mtaani subiri mpaka akubali kushikwa. Mpaka hapo alale nje ya chumba chako.

Nyumba yenye mjamzito ina jambo lake. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazima vinavyodhuru mimba. Vinahitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku na mtu mwingine, si mama mjamzito. Anayewinda na kula panya wabichi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa navyo, yaani wa mtaani anatangulia. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Mboga zisizooshwa na nyama isiyoiva nazo zinaambukiza.

Beseni lenyewe lisikupe shida. Maranda kutoka kwa mafundi seremala yanafaa sana, na kuanzia Mafinga mpaka Njombe hayakosekani. Chagua yasiyo vumbi.

Panya

Watu husema paka mwenye njaa ndiye anayewinda. Si kweli. Paka aliyeshiba anawinda vilevile. Mwenye njaa anaishia kwenye sufuria yako.

Mtoto hatakusaidia msimu huu. Harufu yake inaweza kuwasumbua panya kidogo, ila kukamata ni somo, na mwalimu mkuu ni mama yake. Chagua mtoto ambaye mama yake unamjua kuwa ni mwindaji, na umwache naye mpaka wiki ya 12. Katika kipindi hicho ndipo mama huwaletea panya hai wajifunze. Mkubwa anayo historia: muulize mwenyewe kama amewahi kumwona na panya mdomoni. Wapo waliokulia kwenye sofa ambao panya akipita wanageuza shingo tu. Wa mtaani ameishi kwa kuwinda, hana mtihani wa kufanya. Hata hivyo, panya buku aliyekomaa paka wengi humkwepa, wa mtaani akiwemo. Usimlaumu.

Ukileta paka yeyote kati ya hawa, dawa ya panya itoke nyumbani, hasa zile za machinga zisizo na lebo. Panya aliyekula sumu hutembea polepole, na paka humkamata huyo kwanza.

Baridi

Mbeya mwezi Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete ni baridi zaidi ya hapo. Mtoto anahitaji boksi dogo lililoinuliwa kutoka kwenye sakafu ya saruji, ndani sweta ya mtumba, na ikiwezekana chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Ukiweza kuchagua, mchukue Septemba badala ya Juni. Mkubwa ataenda mwenyewe kwenye joto, mara nyingi kitandani kwako. Wa mtaani hupenda kuingia chini ya boneti ya gari iliyozimwa karibuni. Gonga kabla ya kuwasha. Jiko la mkaa lisiachwe chumbani usiku kwa ajili ya paka wala ya mtu. Gesi yake huwamaliza wote wawili.

Uani, kuku na maneno ya watu

Ukiwa umepanga, mtangulie baba mwenye nyumba kabla paka hajafika. Kisha zungukia wenye vifaranga na wenye matuta ya chainizi, maana udongo uliotifuliwa ni choo cha paka asiye na beseni.

Mtoto anayekua akiwaona kuku kila siku, na kupigwa mdomo na mama kuku mara moja, kwa kawaida huwaheshimu. Mkubwa, uliza waziwazi: aliwahi kula kifaranga? Mwenye paka huwa anaona haya kulisema, kwa hiyo waulize na majirani zake. Wa mtaani ndiye anayeshukiwa kwa kila kifaranga kilichopotea hata kama ni mwewe, na ukianza kumlisha, lawama zinahamia kwako.

Halafu lipo lile la uchawi, hasa kwa paka mweusi anayetembea usiku. Sijaona faida ya kubishana. Mfunge shingoni utepe wa rangi kali unaokatika kirahisi akinasa kwenye tawi, watu waone kwamba ni wa nyumba fulani. Watoto wa jirani wakishajua jina lake, nusu ya woga imekwisha.

Kwa hali yako

Una watoto wa umri wa shule, kuna mtu nyumbani mchana, na panya si dharura: mtoto wa paka wa wiki 12 aliyezaliwa jikoni atakufaa. Kama watoto wenyewe wako chini ya miaka mitano, mwangalie kwanza mkubwa mpole; kitoto kidogo hubanwa, huangushwa, na hujitetea kwa kucha.

Unaishi peke yako na unarudi jioni, au ni mwalimu au muuguzi wa zamu: mkubwa aliyelelewa, aliyehasiwa, mwenye kadi. Panga kumpokea mwanzoni mwa likizo ili zile wiki za kufungiwa uwepo. Wazee waliobaki peke yao nyumbani nao nawaelekeza huku, kwa kuwa hakimbiikimbii miguuni.

Una ghala, mashine ya kusaga au duka la nafaka: wa mtaani ambaye tayari anazunguka hapo, achanjwe, ahasiwe, apewe bakuli na pembe ya kulala. Uliza kwanza sokoni kama hana mwenyewe. Paka wengi wa wauza mahindi wanaonekana hawana kwao, kumbe wanalishwa na watu watatu tofauti.

Unafuga vifaranga wengi uani: mtoto, au mkubwa ambaye historia yake umeihakikisha kwa watu wawili. Na kama mkeo au wewe mwenyewe ni mjamzito sasa hivi, subiri au chukua mkubwa wa ndani, huku mwenza ashike kazi ya beseni.

Hujui mwakani utakuwa wapi, chuo kinaisha au uhamisho unanukia: paka wa ndani huishi miaka 12 hadi 15 na hata zaidi. Nunua pipa la plastiki lenye mfuniko au kihenge cha chuma, ziba matundu ya ukutani kwa saruji, na yule wa juu ya ukuta mwekee maji.